Allidina Visram na Ugonjwa wa Husuda

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, Mgawaji wa riziki, na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), twataka kuwaeleza ndugu zetu wa pwani khabari za mtu ambaye jina lake walijua kwa skuli iliyoko Mombasa, nasi huku Kisumu twakaa katika mji aliofanyia biashara. Naye ni Allidina Visram, Khoja Ismailia. Khitilafu za madhehebu si makala yetu leo, twatafuta mazingatio.

Alizaliwa Kera, nchi ya Kachi huko Bara Hindi, katika mwaka wa 1851. Mwaka wa 1863, naye ni mtoto wa miaka kumi na miwili, alivuka bahari akashukia Bagamoyo. Alimtumikia tajiri Sewa Haji Paroo, akajifunza kazi ya misafara: nguo na shanga zapanda bara, pembe na nta zashuka pwani. Kisha akawa na misafara yake mwenyewe.

Ilipojengwa reli kutoka Mombasa, baina ya 1896 na 1901, yeye alifuatana nayo, akiweka maduka njiani. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, naye akafanya biashara hapa na kuvuka ziwa kwa mashua zake. Alikuwa na kinu cha mafuta Kisumu, kiwanda cha sabuni Mombasa, na mitambo ya kuchambulia pamba. Matawi yake yalizidi thalathini, hata akapewa lakabu ya mfalme wa Uganda asiye na taji.

Lakabu kama hiyo humfurahisha mmoja ikamchoma mwingine. Hasidi huyaona maduka thelathini, wala hamuoni yule mtoto wa Bagamoyo. Wanavyuoni wetu wamepambanua mambo mawili: ghibta, nayo ni kutamani upate mfano wa neema ya mwenzio bila ya kuichukia kwake, na hii haina dhambi, na husuda, nayo ni kutaka neema imtoke, ijapokuwa wewe hupati kitu. Mwenye husuda hagombani na tajiri. Agombana na Mgawaji.

Wala hatusemi ya kuwa kila mali ni safi. Pembe zile zilishuka pwani juu ya mabega ya wapagazi, na wengi walifia njiani. Serikali ya Kiingereza nayo iliwafungulia watu wengine milango na wengine ikawafungia. Dhulma ni wajibu kuikataza. Lakini mwenye kukataza dhulma ataka haki irudi kwa mwenyewe, na hasidi hutosheka kuona jirani ameanguka. Basi kila mtu na aupime moyo wake kabla ya kuufungua mdomo wake.

Allidina alikufa katika mwaka wa 1916. Mwanawe, Abdulrasul, alimfuata katika 1923, na haikupita miaka mingi biashara ile yote ikavunjika. Aliyekuwa akimhusudu katika 1910 aliunguza moyo wake kwa kitu ambacho baada ya miaka ishirini hakikuwapo. Mali imekwenda, na dhambi imebaki katika daftari ya hasidi. Kilichosalia ni skuli ile, aliyoijenga mwanawe kwa ukumbusho wake, na watoto wasomao humo hata leo.

Hapa Migosi twaona jirani akiinua ghorofa, na jirani wa pili akapunguza salamu. Huo ndio mwanzo wa maradhi, na dawa yake yajulikana: mzidishie salamu, muombee baraka, kisha umuulize kazi alivyoianza. Na wewe uliyeruzukiwa, toa zaka yako wala usijifakharishe mbele ya mwenye njaa, kwani kibri cha tajiri ni kuni za husuda ya maskini. Qaruni alizama na hazina zake, na waliotamani kuwa mahali pake walishukuru kuwa hawakuwa yeye.

Mola atutakase nyoyo zetu. Amin.