Meckel: jamaa aliyefumbua siri ya kijifuko cha utumbo

Leo twende Ujerumani ya zamani, mji wa Halle, alikozaliwa Johann Friedrich Meckel mwaka 1781. Muulize daktari yeyote wa upasuaji, hilo jina analijua.

Ukoo wao ulikuwa wa kupasua maiti na kusoma viungo. Babu profesa, baba profesa. Na huyo baba mtu ndiye kiboko: aliagiza kwamba akifa apasuliwe, mifupa yake iunganishwe na iwekwe pamoja na viungo vingine walivyokuwa wakihifadhi. Alifariki 1803, ikafanyika hivyo, na mifupa ipo Halle mpaka leo. Sasa fikiria unafanya kazi na mzee wako kasimama pale pembeni!

Kijana alipata udaktari 1802, akaenda Paris kwa Georges Cuvier, bingwa wa kulinganisha viungo vya wanyama. Mwaka 1806 jeshi la Napoleon likaingia Halle, chuo kikafungwa. Mwaka 1808 Meckel akawa profesa hapo hapo.

1809 ndipo akatoa kazi iliyombakizia jina. Kuna watu wana kijifuko kimechomoza kwenye utumbo mwembamba, kama kidole, urefu kama sentimita 5 hivi. Wengine walishakiona tangu 1598, ila kimetoka wapi hawakujua. Meckel akaonyesha kuwa ni baki la mrija unaounganisha utumbo wa mtoto na kifuko cha kiini akiwa bado tumboni mwa mama. Kawaida mrija huo hupotea wenyewe. Kwa watu kama 2 katika kila 100, kipande kinabaki. Wengi wanaishi nacho na kuzikwa nacho bila habari.

Sasa ubishi wenyewe. Daktari kafungua tumbo la mgonjwa ili apandikize ini, ghafla anakutana nacho. Akate au aache? Akiacha, siku moja kinaweza kuvimba au kuziba utumbo. Tena wakati mwingine ndani yake kuna utando kama wa tumbo la chakula, unatoa tindikali, inachimba kidonda na damu inavuja. Akikata, anafungua utumbo uliojaa bakteria karibu na ini jipya, kwa mtu atakayetumia dawa za kushusha kinga ili mwili usilikatae. Uchafu ukivuja hapo, mgonjwa anaweza kufa kabisa. Kikiwa na dalili ya ugonjwa, kukitoa kunaeleweka. Kikiwa kimetulia tu, hapo ndipo mabingwa hawakubaliani mpaka leo.

Meckel mwenyewe hayo hakuyaona. Alifariki 1833 akiwa na miaka 52, na kupandikiza ini kwa binadamu kulijaribiwa mara ya kwanza 1963, Denver, Marekani. Miaka 130 baadaye!

Haya wadau, ungekuwa wewe umelala pale mezani, ungetaka daktari akate au aache? Dondosheni maoni hapo chini.