Mwenda na Nyuzi Zake Sita

Redio ya mkahawa mmoja mjini Eldoret ndiyo iliyonitia adabu. Nilikuwa kijana, mgeni kutoka pwani, nikakicheka Kiswahili cha mwimbaji. Mara gita lake likaninyamazisha. Kidole gumba kilishika besi, cha shahada kikaimba juu yake, ungedhani wapigaji ni wawili.

Huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alimkuta Jadotville, mji uitwao leo Likasi, akaurekodi wimbo wake wa Masanga. Santuri zake zikaenea hadi Kenya, na wapiga gita wengi wakamwiga. Mwenyewe alikaa Nairobi kwa muda. Mwaka 1969 akapiga katika tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1990 ajali ya gari ilimwua nchini Zambia.

Sisi watu wa pwani hujivunia lugha, na ni haki yetu. Lakini, ndugu wasomaji, Mwenda hakusoma kwenye vyuo vyetu wala hakufuata vina na mizani yetu. Hata hivyo Kiswahili alikifikisha mahali ambapo majahazi yetu hayakutia nanga.