George Whitefield, Mhubiri Aliyelia Mimbarani

George Whitefield alizaliwa Gloucester, Uingereza, mwaka 1714. Utotoni alipenda sana michezo ya kuigiza. Mwaka 1739 alihubiri uwanjani huko Kingswood kwa wachimba makaa ya mawe, na machozi yakachora mistari myeupe katika nyuso zilizojaa vumbi la makaa. Yeye mwenyewe alipaza sauti, akalia, mikono haikutulia. Huko Marekani, Benjamin Franklin alikwenda kumsikiliza, akaazimia kutotoa hata senti kwa nyumba ya yatima ya Georgia. Akalegea kwanza kutoa shaba, kisha fedha; mwisho alimimina mfuko wote pamoja na dhahabu! Lakini (tusifiche) mhubiri huyo huyo alitetea utumwa uruhusiwe Georgia, nao ukaruhusiwa mwaka 1751. Alifariki Newburyport mwaka 1770.