Mtu Aliyepima Nzige

Muulize mzee wa Mbeya au wa Iringa habari za nzige. Atakueleza aliyoyasikia kwa baba yake. Kundi likitua jioni, asubuhi shamba limebaki mabua.

Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige wekundu walienea sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika. Walitokea bonde la Ziwa Rukwa, kaskazini-magharibi ya Mbeya, na mabwawa ya Mweru wa Ntipa, Zambia. Lakini kundi likiisha, nzige huenda wapi? Boris Uvarov alikuwa ameshalipata jibu.

Uvarov alizaliwa mwaka 1886 mjini Uralsk, katika Kazakhstan ya leo. Alipokuwa bwana wadudu kusini mwa Urusi, vitabu vilisema huko kuna nzige wa aina mbili. Mmoja huruka kwa makundi. Mwingine hukaa peke yake majanini kama panzi tu. Kila mmoja alikuwa na jina lake.

Uvarov aliwatazama mgongo, mabawa na mapaja. Akaona wengine wako katikati, si huyu wala si yule. Mwaka 1921, akiwa London, aliandika kwamba hao ni mdudu mmoja. Wakisongamana, hubadilika tabia, rangi na hata umbo.

Umbo hilo hupimwa. Chukua urefu wa bawa, ugawe kwa urefu wa paja la nyuma. Tuseme bawa ni milimita 44 na paja ni 22. Jibu ni 2. Nzige mwingine ana bawa la milimita 45 na paja la 25. Jibu ni 1.8. Nzige wa kundi huwa na jibu kubwa zaidi. Kwa nini tugawanye? Kwa sababu jike ni mkubwa kuliko dume, na urefu peke yake ungetudanganya. Hesabu hii hata wewe unaiweza. Siku hizi wengine humpima mdudu kwenye picha, kwa kompyuta.

Basi haikufaa tena kungoja kundi lije shambani. Ilibidi kuwatafuta nzige wapweke kwao, wakiwa bado wachache. Mwaka 1949 nchi zilipatana kuunda shirika la kulinda mabonde ya nzige wekundu, Rukwa likiwamo.

Uvarov aliongoza kituo cha nzige London hadi mwaka 1959. Alifariki mwaka 1970. Mwaka 2009 nzige wekundu waliongezeka tena Rukwa. Walinyunyiziwa dawa ya kuvu bondeni humo, kabla hawajayafikia mashamba ya mbali.