Abunuwasi wa Kweli: Malenga wa Mvinyo Aliyeishia Kuomba Toba

Hapana mtoto wa pwani, tangu Lamu hadi Vanga, asiyemjua Abunuwasi. Tumekuzwa naye. Ndiye aliyeazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani yake, akidai kuwa sufuria imezaa. Jirani akakubali kwa tamaa. Alipoazima mara ya pili, Abunuwasi akarudi mikono mitupu na habari kwamba sufuria imekufa. Ndiye pia aliyemchezea shere Sultani Haruni Rashidi siku zote na akatoka salama. Kwa wengi wetu Abunuwasi ni kama Sungura wa hadithi, ila yeye huvaa kilemba.

Basi wasomaji, Abunuwasi alikuwa mtu wa kweli, aliyekuwa na baba na mama, aliyesomeshwa, akafungwa jela na akazikwa. Jina lake hasa ni Al-Hasan bin Hani Al-Hakami. Hekaya za sufuria zilibandikwa jina lake na watu waliokuja nyuma yake sana, na kwengineko kisa hicho hicho hutiwa mdomoni mwa Juha au Hoja Nasirudini. Yule wa kweli hakuwa mchekeshaji tu. Alikuwa mmoja wa malenga wakubwa kabisa waliopata kutokea katika lugha ya Kiarabu, na jambo lililomtia katika historia ni jambo ambalo Mwislamu hulitaja kwa kusitasita: ujuzi wake wa kuonja mvinyo, kuupambanua namna kwa namna, na kuupa kila mmoja daraja yake kwa mashairi.

Alizaliwa Ahwaz, nchi ya Uajemi, katikati ya karne ya 8. Babake, Hani, alikuwa askari katika jeshi la Marwan wa Pili, mfalme wa mwisho wa Bani Umayya huko Sham. Mamake alikuwa Mwajemi. Baba alifariki mtoto angali mdogo, na mama akamchukua mwanawe wakahamia Basra. Jina la Abu Nuwas alilipata kwa ajili ya nywele zake, yasemekana, kwa kuwa vishungi vyake vilikuwa virefu vikining'inia na kuchezacheza mabegani.

Huko Basra mama hakumwacha mwanawe azurure. Alimtia chuoni, akasoma Kurani Tukufu mpaka akaihifadhi. Kisha akampeleka kwa attari mmoja ajifunze kazi ya manukato na dawa. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo pua yake iliposomeshwa. Mtu aliyeshinda utotoni baina ya miski, zafarani na maji ya waridi hujua kupambanua harufu mbili ambazo kwa mwengine ni moja.

Lakini moyo wake ulikuwa katika shairi. Akamfuata mshairi Waliba bin Al-Hubab, aliyemchukua Kufa na kumfundisha utunzi, na pia, kwa bahati mbaya, njia za anasa. Baadaye akawa mwanafunzi wa Khalaf Al-Ahmar, bingwa wa mashairi ya kale. Husimuliwa kwamba Khalaf alikataa kumpa ruhusa ya kutunga mpaka ahifadhi mashairi ya kale elfu nzima. Alipoyahifadhi, mwalimu akamwamrisha ayasahau yote, na ndipo akampa ruhusa. Kisa hiki kiwe kilitokea hivyo au kilipambwa, kina somo kwa vijana wetu wanaotaka kuitwa malenga kabla hawajajua mizani. Kijana huyo pia alikwenda kukaa jangwani pamoja na Mabedui ili apate Kiarabu safi kutoka kwa wenyewe. Al-Jahiz, mwandishi mkuu wa Basra aliyeishi baada yake, alimhesabu miongoni mwa watu waliokuwa na elimu kubwa ya lugha.

Aliingia Baghdad kiasi cha mwaka 786, wakati Haruni Rashidi aliposhika ukhalifa. Mji huo ulikuwa mchanga, umeanza kujengwa na Khalifa Mansur mwaka 762, lakini fedha ya dunia ilikuwa ikimiminika ndani yake. Washairi walikuja kutafuta riziki kwa kuwasifu wakubwa. Abunuwasi naye aliwasifu, na mlango uliomfungukia ulikuwa wa jamaa ya Barmaki, mawaziri wenye nguvu.

Sasa tuje kwenye fani yake. Waarabu walitaja mvinyo katika mashairi tangu zama za Ujahiliya. Al-A'sha alijulikana kwa hayo. Lakini kwao ulikuwa ukipitia njiani tu, katika kasida ndefu iliyoanza na kulia juu ya mahame ya kipenzi aliyehama na ngamia zake. Abunuwasi aliicheka desturi hiyo. Yeye ni mtu wa mjini, mahame ya jangwani yamhusu nini? Akaufanya mvinyo kuwa maudhui kamili ya shairi, na mashairi hayo yakaitwa khamriyati, mlango mzima wa diwani yake. Vivyo hivyo aliufungua mlango wa mashairi ya uwindaji, ya mbwa na vipanga.

Katika khamriyati zake mara nyingi kuna safari ya usiku. Kundi la vijana lamgongea muuzaji mlango, naye huwa Myahudi, Mkristo au Majusi, maana Mwislamu hakuruhusiwa biashara ile. Huamka kwa hofu, kisha bei ikapatanwa. Ndipo hutolewa balasi lililozibwa kwa udongo, likatobolewa. Na hapo mshairi huanza kazi yake kama mtu wa mizani.

Hutazama kwanza asili: umetoka wapi? Qutrabbul, kitongoji karibu na Baghdad, kilikuwa na sifa kubwa kwa mizabibu yake, na Abunuwasi alikitaja mara kwa mara. Pili umri: umekaa miaka mingapi gizani ndani ya balasi? Wa zamani aliupendelea, akaupigia chuku hata ukawa ajuza aliyewaona watu wa kale. Tatu rangi: mwekundu uliokoza, au wa manjano kama dhahabu? Nne weupe wake, yaani usafi: je, unaona upande wa pili wa gilasi? Tano harufu, inayotoka kabla ya mdomo kugusa. Na mwisho maji yanapotiwa, tazama vile viputo vinavyopanda juu, ambavyo yeye alivifananisha na lulu. Wasomaji, mgema wa methali yetu hulitia tembo maji kwa siri baada ya kusifiwa. Mabwana wale waliutia mvinyo maji hadharani, kwa kuwa ulikuwa mzito na mkali, na kipimo cha maji hayo kilikuwa ni ufundi peke yake.

Kila namna ilikuwa na jina lake. Maji yaliyotiririka yenyewe kabla zabibu hazijakamuliwa yaliitwa sulafa. Wa siku nyingi uliitwa khandarisi. Na jina moja litawashangaza ndugu zangu wa barazani: mvinyo uliitwa pia qahwa. Naam, neno lile lile la kahawa tungu tunywayo jioni kwa halua au kashata. Masufi wa Yemen walipoanza kunywa buni katika karne ya 15 ili wakeshe kwa dhikri, jina hilo likahamia kwenye kinywaji cha halali. Lugha nayo yaweza kusilimu.

Leo huko Ulaya na Marekani kuna watu ambao shughuli yao ni kuonja bia zinazopikwa katika viwanda vidogo, za namna nyingi sana: nyeupe za ngano, nyeusi za shayiri iliyokaangwa, chungu zenye maua ya hopsi. Chama cha waamuzi wa bia kilichoanzishwa Marekani mwaka 1985 hutoa maksi 50 kwa mpango maalumu: harufu 12, sura 3, ladha 20, uzito wake kinywani 5, na maoni ya jumla 10. Aliyesoma khamriyati hataona jambo geni hapo isipokuwa hesabu. Rangi, povu, harufu, asili na umri vilikwisha kupimwa Iraki miaka 1200 iliyopita, tena kwa vina na mizani.

Msomaji atauliza: haya yalitendekaje katika dola ya Kiislamu? Kurani ilikwisha kukata shauri katika Sura ya Al-Maida. Lakini Iraki kulikuwa na mjadala mrefu wa mafakihi. Katika madhehebu ya Kufa, ya Abu Hanifa aliyefariki mwaka 767, walikuwapo walioona kwamba khamri hasa ni ya zabibu, na kwamba vinywaji vyengine kama vile nabidhi ya tende havina hukumu ile ile maadamu mtu hakulewa. Imamu Malik na Imamu Shafi, ambaye ndiye tunayemfuata sisi wa pwani, walisimama imara kwamba kila kilevi ni haramu, kingi chake na kichache chake. Walitegemea miongoni mwa dalili zao hadithi ya Abu Musa, ambamo Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa kuhusu vileo viwili vya Yemen: biti ya asali na mizri ya nafaka, ambayo ndiyo bia ya watu wale. Jawabu lilivijumuisha vyote vilevyavyo. Ibn Qutayba, aliyefariki mwaka 889, aliandika kitabu kizima juu ya ugomvi huu wa vinywaji.

Abunuwasi hakujificha nyuma ya nabidhi wala nyuma ya fatwa ya mtu. Aliyajua yote, kwa kuwa alisoma Kurani, hadithi na lugha kwa mabingwa. Aliuita mvinyo kwa jina lake na akakiri uharamu wake ndani ya shairi lenyewe. Hili ndilo linalonitatiza mimi. Mjinga akianguka shimoni twamhurumia. Huyu aliliona shimo, akalipima kina chake, akalipamba kwa maua, kisha akawaita wengine.

Na malipo aliyaona duniani. Haruni Rashidi hakuwa rafiki wa kumchekea kama katika hekaya. Alimfunga jela. Mwaka 803 khalifa aliwaangusha Barmaki kwa ghafula, na mshairi aliyewalilia walezi wake hakuwa na raha tena Baghdad. Alikwenda Misri kwa Al-Khasib, mkuu wa kodi ya ardhi, akamsifu kwa kasida zilizobaki mashuhuri, kisha akarudi.

Haruni alipofariki mwaka 809 na mwanawe Al-Amin kushika ukhalifa, Abunuwasi aliona neema. Akawa nadimu wa khalifa. Lakini Al-Amin na nduguye Al-Maamun waligombana, na watu wa Al-Maamun huko Khurasani wakatumia mashairi ya ulevi kumwaibisha Al-Amin mbele ya Waislamu: tazameni khalifa gani anayekaa na mshairi kama huyu. Al-Amin akaona hapana budi amtie gerezani mpenzi wake mwenyewe. Hivyo beti zilizotungwa kwa kujifurahisha zikawa silaha katika vita vya ndugu. Baghdad ikazingirwa, na mwaka 813 Al-Amin akauawa. Abunuwasi, aliyefungwa naye, alimlilia kwa marthia.

Hakuishi sana baada ya hapo. Alikufa Baghdad baina ya mwaka 813 na 815, akazikwa katika makaburi ya Shunizi. Diwani yake ilikusanywa baadaye na Al-Suli, na pia na Hamza wa Isfahani. Na ndani ya diwani hiyo, baada ya balasi na gilasi zote, mna mlango mwengine ambao wengi hawaujui: mashairi ya zuhudi. Humo mtu yule yule anasimama mtupu mbele ya Mola wake. Hatoi udhuru wala hajitetei kwa umahiri wake. Anahesabu dhambi zake kwa uangalifu ule ule aliokuwa akihesabia miaka ya mvinyo, kisha anasema kuwa rehema ya Mungu ni kubwa kuliko hesabu hiyo. Husimuliwa kwamba baada ya kufa kwake, chini ya mto wake iliokotwa karatasi yenye beti za kuomba msamaha.

Je, tumsome au tumtupe? Wako wanaosema jina lake lisitajwe ila kwa hekaya za kuchekesha watoto. Kwa maoni yangu hilo ni kumdhulumu mara mbili: kumvua elimu yake na kumnyima toba yake. Sura ya Washairi inawalaumu watungaji wasemao wasiyoyatenda, na inawatoa katika lawama walioamini na kutenda mema. Abunuwasi aliishi upande wa kwanza miaka mingi, tena akiyatenda aliyoyasema, na alipochoka akageuza uso upande wa pili. Alipofika huko hatujui sisi, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Lakini sisi tulio na kalamu tuna la kuchukua. Kipaji hakina dini. Ulimi uliojua kuusifu mvinyo hata msikilizaji akauona uking'ara, ndio huo uliojua kulilia dhambi hata msomaji akalia pamoja nao. Elimu ilikuwa moja, na mizani ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali mwenyewe alipouelekeza. Basi siku nyengine babu atakapowahadithia watoto kisa cha sufuria iliyokufa, baada ya kucheka kwao awaongezee hadithi ya pili: ya hafidhi wa Basra aliyezijua rangi zote za mvinyo, na mwisho wa siku akaomba maji ya rehema.