Hayati Byron Kawadwa, Kiongozi wa Tamthilia za Nyimbo Mjini Kampala

Historia ya sanaa ya maonyesho nchini Uganda haiwezi kuandikwa bila kutajwa jina la hayati Byron Kawadwa. Alikuwa mtunzi, mwongozaji wa michezo na mkuu wa wasanii. Aliuawa mwaka 1977 angali katika nguvu za kazi yake, na kifo chake hakitenganishiki na kazi hiyo. Wako vijana wengi wapitao kila siku mbele ya Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, jirani na Bunge, ambao jina hilo hawalijui. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazee waliomwona jukwaani, twaona ni wajibu kuyasimulia maisha yake.

Jumba hilo lilifunguliwa mwezi Desemba mwaka 1959, wakati Uganda ilipokuwa bado chini ya Waingereza. Katika miaka yake ya kwanza lilitumiwa zaidi na vikundi vya Wazungu na Waasia waliokuwa wakiishi mjini, na michezo iliyoonyeshwa humo ilikuwa kwa sehemu kubwa ya nchi zao. Hata hivyo Waganda hawakukaa kimya. Mnamo mwaka 1954 mzee Wycliffe Kiyingi alikuwa amekwisha kuanzisha chama cha wasanii wa Kiafrika, akaandika michezo kwa Kiganda, lugha iliyoeleweka na muuza ndizi na karani kwa pamoja. Njia hiyo iliyofyekwa na Kiyingi ndiyo aliyoipanua Kawadwa.

Katika miaka ya 1960 Kawadwa aliunda kikundi kilichojulikana kwa jina la Kampala City Players. Wasanii wa vikundi vya namna hiyo hawakuwa na mshahara wa sanaa. Mchana walikuwa maofisini, madarasani na madukani. Jioni ndipo walipokutana kufanya mazoezi. Kuwaongoza watu wa namna hiyo si jambo jepesi. Askari akichelewa gwaride, iko sheria ya kumrudi. Lakini msanii aliyekuja kwa hiari yake hana kimfungacho ila mapenzi ya kazi na imani yake kwa mkuu wake. Kikundi hicho kilidumu, kikakua, na kikafika mbali. Hiyo peke yake ni shahada ya uongozi wa mtu huyu.

Jambo lililomtofautisha Kawadwa na wengine ni muziki. Katika Ulaya, na hasa Italia, iko sanaa iitwayo opera, ambayo wahusika wake huimba yale ambayo katika mchezo wa kawaida yangesemwa. Kampala haikuwa na jumba la opera kama lile la Milano, wala serikali haikuwa na fedha za kulipa kundi la wapiga fidla. Lakini Buganda ilikuwa na ngoma, zeze, kinubi na marimba. Ilikuwa na nyimbo za ikulu na nyimbo za shambani. Na tena ilikuwa na kwaya za makanisa na shule, zilizozoea kuimba kwa sauti nne. Kawadwa alishirikiana na mtunzi wa muziki, Wassanyi Serukenya, wakavichanganya vyote hivyo pamoja. Wimbo haukuwekwa katikati ya mchezo ili kuwaburudisha watazamaji tu. Wimbo wenyewe ndio uliochukua kisa na kukipeleka mbele. Miongoni mwa kazi zao mashuhuri ni Makula ga Kulabako na Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Jogoo.

Wimbo wa Jogoo ulionyeshwa mwaka 1971. Ni kisa cha ufalme, na cha mtu anayekitamani kiti kisicho chake. Watazamaji wa wakati huo hawakuhitaji mfasiri. Walikumbuka mwaka 1966, majeshi ya serikali ya Dakta Milton Obote yalipoishambulia ikulu ya Mengo na Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia Uingereza, ambako alifariki mwaka 1969. Walikumbuka pia mwaka 1967, falme zote za Uganda zilipofutwa. Mambo ambayo watu hawakuweza kuyasema barazani waliyasikia yakiimbwa jukwaani, nao wakatoka ukumbini wakiyaimba.

Tarehe 25 Januari mwaka huo huo wa 1971, Jenerali Idi Amin alitwaa serikali kwa mtutu wa bunduki. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia, na Wazungu wengi nao wakaondoka. Vikundi vyao vya michezo vikatoweka, na jukwaa la Taifa likabaki mikononi mwa wananchi. Mwaka 1973 Kawadwa akawekwa kuwa mkurugenzi wa sanaa wa jumba hilo. Ajabu ya miaka ile ni kwamba bidhaa zilipozidi kuadimika madukani, michezo ya kuigiza ilizidi kustawi. Watu walikuwa na njaa ya kusikia jambo la kweli, hata kama lilifunikwa kwa kitambaa cha hadithi.

Si wasanii wote waliochagua njia moja. Robert Serumaga, aliyekuwa na kikundi chake cha Abafumi, aliyapunguza maneno katika michezo yake, akaacha viungo vya mwili, ngoma na sauti vieleze. Kazi hizo alizipeleka katika nchi nyingi za ng'ambo, na mpelelezi aliyeketi ukumbini hakupata sentensi ya kuiandika katika daftari lake. Kawadwa hakuyaacha maneno. Alibaki na Kiganda chake kitupu, kinachofahamika mpaka kwa mtoto wa shule. Hatumlaumu Serumaga kwa hadhari yake; lakini hatuna budi kutambua kwamba njia ya Kawadwa ilikuwa ya hatari zaidi.

Mwaka 1977 Afrika ilikutana mjini Lagos, Nigeria, katika tamasha kubwa la pili la sanaa na utamaduni wa watu weusi, lililoanza tarehe 15 Januari na kumalizika tarehe 12 Februari. Mchezo uliochukuliwa kuiwakilisha Uganda ulikuwa ule ule Wimbo wa Jogoo. Hapa yafaa msomaji azingatie jambo moja. Mchezo haukuwa mpya. Uliandikwa wakati watu wakimfikiria mtawala mwingine. Lakini kisa cha mtu anyakuaye kiti kisicho chake hakina jina la mtu mmoja. Kila anyakuaye hujiona humo. Mwaka 1971 watu waliusikia wakamkumbuka Obote. Mwaka 1977 walioshika madaraka waliusikia wakaiona sura yao.

Wasanii walirejea katika nchi iliyokuwa imejaa hofu. Tarehe 16 Februari, siku nne tu baada ya tamasha kumalizika, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Muda mfupi baada ya kurejea kutoka Lagos, watu wa upelelezi wa Amin walimkamata Kawadwa kwenye jumba lile lile alilolitumikia, wakamchukua, na hakurudi tena akiwa hai. Hakuna mahakama iliyomsikiliza, wala shtaka lililosomwa.

Sisi tuandikao haya tumefunzwa katika chuo cha maofisa wanafunzi, na twavaa sare ya jeshi. Jeshi la leo si lile, kwani lile lilivunjika mwaka 1979 Amin alipoangushwa. Lakini raia aliyenyang'anywa mtu wake hatazami nembo ya begani. Hukumbuka buti na bunduki. Hukumbuka pia lugha. Kiswahili, ambacho twakitumia hapa, na ambacho katiba ya Uganda imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, kilisikika masikioni mwa wengi wa Kampala kama lugha ya vizuizi vya barabarani. Ndiyo maana twaona inafaa maisha ya Kawadwa yasimuliwe kwa lugha hii hii. Lugha iliyotumika kuwaamrisha watu walale kifudifudi yaweza pia kutumika kumheshimu aliyeonewa. Na ofisa kijana anayejifunza maana ya nidhamu na ajifunze pamoja nayo kwamba mtu mwenye wimbo si adui wa vita.

Waliomwua walidhani wameunyamazisha mchezo wake. Wao wamekwisha kutoweka, na Oluyimba lwa Wankoko bado unatajwa kila yanapozungumzwa maonyesho ya Uganda. Wahenga walisema kwamba jogoo awike asiwike, kutakucha. Mtawala mwenye kiburi hudhani kuwa jua huchomoza kwa sababu yeye amewika. Kawadwa aliwaonyesha watu wake kwamba sivyo, nao hawakusahau.