Tahadhari Kabla ya Hatari: Maisha ya Profesa Thomas Risley Odhiambo (1931–2003)

Utangulizi

Ni nadra wanafunzi wa Kiswahili kuandika juu ya wanasayansi. Aghalabu kurasa kama hizi huwaenzi washairi, wanaisimu na watunzi wa riwaya. Hata hivyo, lugha tunayoichunguza hutumika pia mahali ambapo neno moja likikosewa laweza kumgharimu mtu macho au mapafu yake. Mahali hapo ni maabara. Makala haya yanasimulia maisha ya marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi katika Bewa la Chiromo, baina ya katikati ya jiji la Nairobi na Westlands. Hatudai kwamba alikuwa mtaalamu wa usalama wa maabara. Tunachosema ni kwamba swali aliloliuliza kuhusu sumu shambani ndilo lipasalo kuulizwa kabla ya chupa yoyote ya kemikali kufunguliwa chuoni.

Kuzaliwa na Elimu

Odhiambo alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931. Alisoma katika Shule ya Maseno, kisha akajiunga na Chuo cha Makerere nchini Uganda. Baada ya hapo alifanya kazi ya utafiti wa kilimo huko huko Uganda, akichunguza wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea. Baadaye alikwenda Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alipata shahada ya uzamifu mwaka 1965.

Huko Cambridge alifunzwa na Vincent Wigglesworth, bingwa wa elimu ya miili ya wadudu. Odhiambo alishughulikia nzige wa jangwani. Alichunguza tezi ndogo iliyo nyuma ya ubongo wa nzige dume, akaonyesha jinsi homoni itokayo humo inavyotawala kukomaa kwake. Jambo hili huenda likaonekana dogo, lakini ndimo ilimokuwa mbegu ya kazi yake yote. Maadamu maisha ya mdudu hutawaliwa na vichocheo vyake mwenyewe, yamkini mtu anaweza kumzuia bila kumwaga sumu juu ya kila kiumbe kilicho karibu naye.

Hali ya Wakati Ule

Ili kuuelewa uzito wa wazo hilo, yafaa tukumbuke zama zenyewe. Mwaka 1948 Paul Müller alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kugundua uwezo wa DDT wa kuua wadudu. Dieldrini, sumu nyingine ya jamii hiyo, ilitumiwa dhidi ya nzige, na katika sehemu nyingi za Afrika ilinyunyizwa vichakani kuua mbung'o. Mnamo 1962 Rachel Carson wa Marekani alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi sumu hizi zinavyodumu ardhini na kujilimbikiza katika miili ya ndege, samaki na wanyama wengine. Kilichosifiwa kuwa mkombozi kikageuka kuwa mshtakiwa.

Lugha yetu ilikuwa na fumbo lake katika jambo hili. Kwa Kiswahili, kinachomponya mgonjwa ni dawa, na kinachomuua panya ni dawa vilevile. Mkulima hunena kwamba anapiga dawa shambani, ilhali anachokinyunyiza ni sumu. Neno dawa hutuelekeza kwenye manufaa yaliyokusudiwa, likayaficha madhara yasiyokusudiwa.

Kurejea Nairobi

Mwaka 1965 Odhiambo alirejea nyumbani, akafundisha zuolojia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Miaka miwili baadaye alichapisha makala katika jarida la Science la Marekani, akitetea haja ya Afrika Mashariki kuwa na vituo vyake vya utafiti wa hali ya juu. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipojitegemea, alikuwa mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Kilimo, chenye makao yake Kabete. Mwaka huo huo aliasisi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kiitwacho ICIPE. Kazi ilianzia Chiromo, na Odhiambo akakiongoza kituo hicho hadi 1994. Makao yake ya baadaye, Kasarani, yaliitwa Duduville, jina lililobeba neno letu dudu.

Katika kituo hicho aliwaweka pamoja wanabiolojia na wanakemia. Miongoni mwa waliokuja kuongoza utafiti ni Koji Nakanishi na Jerrold Meinwald, wanakemia mashuhuri waliofundisha Marekani. Mwaka 1976 Isao Kubo, Nakanishi na wenzao walichapisha habari za kemikali waliyoipata katika miti ya jamii ya muthiga. Viwavijeshi walipopakiwa kemikali hiyo kwenye majani walikataa kuyala. Mti wa tiba za wazee wetu ukawa umeonyesha njia ya kumnyima mdudu chakula badala ya kuisumisha nchi.

Fundisho la Nguruman

Mfano ulio bora zaidi ulitokea Nguruman, katika Bonde la Ufa. Katika miaka ya 1980 watafiti wa kituo walitengeneza mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi wa kunasa mbung'o. Chambo chake kilikuwa mkojo wa ng'ombe na asetoni, ambavyo harufu yake humwongoza mbung'o kama anayemfuata mnyama. Wafugaji wa Kimaasai wangeweza kuitunza mitego hiyo wenyewe.

Hebu tuitazame asetoni hiyo kwa makini. Ni kimiminika kile kile kinachotumika maabarani kuoshea vyombo. Mvuke wake unaweza kushika moto hata katika nyuzi 20 za selsiasi chini ya sifuri. Kikopo kidogo mbugani, penye hewa tele na mbali na moto, hakitishi sana. Mtungi mzima ulioachwa wazi ndani ya chumba kilichofungwa, karibu na swichi au jiko, ni balaa. Dutu ni ile ile na sifa zake ni zile zile. Kinachotofautiana ni kiasi, mahali, muda na mtu aliye karibu. Hapo ndipo kiini cha tathmini ya hatari kilipo. Mtathmini hujiuliza dutu hii ina madhara gani, itamfikia nani, kwa njia ya ngozi, pua au kinywa, na kwa kiasi gani.

Baada ya majibu hayo hufuata kinga, nazo zina daraja. La kwanza ni kuiondoa dutu au kuweka mbadala usio na madhara makubwa. Kisha huja kabati la kufyonza mvuke, halafu kanuni za kazi, na mwisho kabisa glavu na miwani. Wengi wetu huanzia mwisho. Odhiambo alianzia mwanzo, kwani juhudi yake yote ilikuwa kutafuta mbadala.

Aidha, tathmini haifanywi mara moja ikasahaulika. DDT ilipata sifa kabla ya lawama. Formalini, ihifadhiyo vielelezo na maiti za mafunzo, imezoeleka mno, lakini mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitia formaldehaidi iliyomo katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Miaka ya Mwisho na Urithi

Mwaka 1985 Odhiambo alishiriki kuasisi Chuo cha Sayansi cha Afrika, chenye makao mtaani Karen, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 yeye na Rais Abdou Diouf wa Senegali walitunukiwa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kukomesha njaa. Alifariki tarehe 26 Mei 2003. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulichapisha mfumo mmoja wa lebo za kemikali kwa dunia nzima, na mwaka 2007 Kenya ikapata Sheria ya Usalama na Afya Kazini, inayomtaka mwenye mahali pa kazi afanye tathmini ya hatari.

Hitimisho

Wahenga walitwambia tahadhari kabla ya hatari. Wengine husema kabla ya athari, na maabarani usemi huu wa pili ndio sahihi zaidi, kwa sababu hatari tayari imo chupani. Tunachoweza kukizuia ni athari. Lebo za kimataifa zina maneno mawili ya kuonya, moja la hatari kubwa na jingine la hatari pungufu. Je, kwa Kiswahili tutayaitaje ili yasichanganywe? Mwanakemia huisoma lebo ya Kiingereza bila shida. Mfagiaji anayeingia alfajiri kupangusa kilichomwagika jana huenda asiielewe, na mapafu yake ni sawa na ya profesa. Odhiambo alitimiza wajibu wake kwa darubini. Wajibu wa kumpa mfagiaji huyo neno lililo wazi ni wetu sisi wanafunzi wa lugha, na maabara za Chiromo haziko mbali.